Kabla ya Gugumaji, Kulikuwa na Nini?

Katikati ya Aprili 2020 umeme ulikatika karibu Uganda nzima, na aliyeuzima ni mafunjo. Kipande cha kinamasi kilimeguka ufukweni pamoja na mimea yake, mizizi yake na udongo wake, upepo ukakisukuma hadi Jinja, kikaziba njia ya maji kwenye bwawa la kuzalisha umeme la Nalubaale. Ziwa Victoria lilikuwa limefura. Mwezi uliofuata kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na visiwa vya namna hiyo vilikuwa vikizurura ziwani kama mifugo isiyo na mchungaji.

Kila linapotokea jambo la aina hii, mikutano ya mazingira hapa Kampala huishia kwenye azimio lile lile: ziwa lirejeshwe katika hali yake ya awali. Swali langu siku zote ni moja. Awali ipi? Ya kabla ya gugumaji? Ya kabla ya sangara? Ya kabla ya reli? Mhandisi anayetaka kujenga upya ukuta huomba ramani ya ukuta wa zamani. Sisi tunataka kujenga upya ziwa, na kuhusu mimea iliyoota chini ya maji yake ramani hatuna.

Hatuna kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuichora. Mnamo 1927 Michael Graham na E. B. Worthington walipofanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi katika Ziwa Victoria, walifuata samaki. Kituo cha utafiti kilichofunguliwa Jinja mwaka 1947 nacho kilifuata samaki. Mimea ya majini iliingia kwenye kumbukumbu za serikali ilipoanza kuleta kero: gugumaji lilionekana Ziwa Kyoga mwaka 1988, likafika Ziwa Victoria muda mfupi baadaye, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga magati, mabomba ya maji na njia za mitumbwi. Mwaka 1995 wadudu wa jamii ya Neochetina, ambao chakula chao ni gugumaji, waliachiliwa ili kulipunguza. Kuhusu kero hiyo tuna ripoti tele. Kuhusu mimea isiyomsumbua mtu, ile iliyoota kimya chini ya maji ya Ggaba, Munyonyo na Port Bell wakati jua lilipokuwa bado linafika chini, tuna sampuli chache zilizokaushwa katika makabati ya hebaria na maelezo ya wapita njia.

Kumbukumbu nyingine imo topeni.

Kila mwaka ziwa hutandika chini tabaka jembamba la mashapo: udongo ulioletwa na mvua, magamba ya mwani, vumbi, majivu ya moto wa mbugani, na masalia ya mimea. Kwenye sehemu tulivu za Ziwa Victoria unene wake ni takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo sentimita kumi za juu zinaweza kubeba karne nzima. Mtafiti hushusha bomba wima, huinua nguzo ya tope bila kuivuruga, kisha huikata vipande vya sentimita moja moja. Kila kipande hupimwa ujazo, huoshwa taratibu juu ya chekecheo zenye matundu madogo, ya robo ya milimita au nusu ya hapo, na kinachobaki hutandazwa kwenye sahani chini ya hadubini ya kukuza mara kumi hadi arobaini. Hapo ndipo zinapoonekana mbegu za yungiyungi, vijitunda vya mafunjo, miiba ya majani ya Ceratophyllum, njugu ngumu ya Trapa yenye pembe zake, na viini vya uzazi vya Chara, ule mwani mkubwa unaofanana na mmea na unaopenda maji maangavu. Kazi hii haina mashine ya ajabu. Ina macho, brashi ndogo na uvumilivu.

Msomaji anayefuatilia mambo ya kale ataniuliza kwa nini tusitumie chavua, kwani ndiyo iliyotupatia historia ya misitu na tabianchi ya Afrika Mashariki. Jibu ni kwamba chavua inajua mengi kuhusu nchi kavu na machache kuhusu maji. Baadhi ya mimea inayozama huchavuliwa ndani ya maji kwa chembe zenye ukuta mwembamba mno, ambazo huoza kabla ya kuzikwa. Najas na Ceratophyllum ni wa kundi hilo. Kwa mafunjo tatizo ni la aina nyingine. Chavua yake ipo, lakini huwezi kuitofautisha na ya jamaa zake wote wa jamii ya ndago, kwa hiyo mtaalamu huandika tu “ndago” na kuendelea na safari. Nyasi za kinamasini na nyasi za malishoni nazo huacha chavua zinazofanana kama pacha. Tena chavua husafiri: upepo unaweza kuleta ziwani chembe za msitu ulio mbali sana. Tunda la ndago, kinyume chake, mara nyingi hutambulika hadi spishi, na kwa kawaida huzama karibu na mama yake.

Uganda ina nasaba ndefu katika sayansi hii, ndefu kuliko wanafunzi wetu wengi wanavyoambiwa. Kifaa cha kuchimbia mashapo kinachotumika katika maziwa ya dunia nzima kinaitwa kwa jina la Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekieleza kwa maandishi mwaka 1955. Mtu huyo alipanda Ruwenzori, akachimba Ziwa Mahoma, na mwaka 1967 akachapisha historia ya uoto wa milima hiyo tangu barafu ilipoanza kurudi nyuma. Mwanafunzi wake, Robert Kendall, alichambua mashapo ya Ghuba ya Pilkington, kwenye upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, mashariki mwa Kampala. Kazi yake ya mwaka 1969 ilionyesha kwamba kuna wakati ziwa hili lilishuka hadi likaacha kumwaga maji katika Nile. Miaka 27 baadaye Thomas Johnson na wenzake wakaongeza jambo zito zaidi: katika mashapo ya sehemu yenye kina kirefu walikuta udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vilivyosimama wima. Hakuna mto wala upepo unaoleta mzizi ukausimamisha wima topeni. Mmea uliota hapo hapo, mahali ambapo leo pana makumi ya mita ya maji. Ziwa lilikuwa limekauka kabisa.

Wanabiolojia waliichukua habari hiyo kwa ajili ya samaki, na ni haki yao, kwa sababu inalazimisha mamia ya spishi za furu za Ziwa Victoria kuwa zimechipuka katika muda mfupi wa kushangaza. Mimi naichukua kwa ajili ya vile vijizizi. Kwa hoja ya aina hii, mabaki ya mmea mahali ulipoota ni shahidi mwenye nguvu kuliko kipimo chochote cha kemia.

Kwa masalia ya mimea hasa, kazi ya Uganda ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Makerere aisome ni ya mwaka 2005. Immaculate Ssemmanda wa Makerere, pamoja na David Ryves, Ole Bennike na Peter Appleby, waliandika historia ya uoto wa magharibi mwa Uganda kwa miaka 1,200 kutoka maziwa mawili ya kreta, Wandakara na Kasenda, upande wa Fort Portal. Maziwa ya kreta yanafaa sana kwa kazi hii: ni madogo, mengi yana kina kirefu, upepo hauyakorogi sana, na kwenye yale yenye kina kirefu maji ya chini hayana oksijeni ya kutosha kuwalisha wadudu wanaochimbua tope. Yana mtego wake pia. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano na chokaa hubeba kaboni ya kale, na mmea unaoota ndani yake hujenga mwili wake kwa kaboni hiyo. Ukiupima kwa kaboni 14 unaweza kukuambia kwamba ulikufa karne kadhaa kabla haujazaliwa. Jani la mti lililodondoka kutoka ukingoni, ambalo lilijengwa na hewa ya mwaka wake, halina uongo huo. Ndiyo maana mtafiti anayepata kipande cha jani la nchi kavu kwenye chekecheo hukitenga kwanza kwa ajili ya kupima umri.

Katika nchi hiyo hiyo ya magharibi, maziwa ya Chibwera na Kanyamukali yalichunguzwa na Ilse Bessems, Dirk Verschuren na wenzao, ambao mwaka 2008 walionyesha kwamba mwishoni mwa karne ya 18 ukame mkali ulikumba maeneo mengi ya Afrika Mashariki ya ikweta. Ukilitazama azimio letu la Kampala kwa jicho hilo, “hali ya awali” inaanza kuyumba. Huenda wapo mababu wa mababu zetu waliolijua ziwa lao la huko likiwa limekaukiwa, na walikuwa na haki ya kuiita hiyo ndiyo hali yake.

Sasa turudi nyumbani, kwenye Ghuba ya Murchison. Mto Nakivubo huingiza humo maji machafu ya katikati ya jiji, na Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo, ndipo jiji lilipochota maji yake ya kunywa kwa miongo mingi. Kati ya mdomo wa Nakivubo na maji ya wazi palikuwa na kinamasi kipana cha mafunjo, ambacho watafiti wa Makerere tangu miaka ya 1990 wameonyesha jinsi kinavyochuja uchafu na jinsi kinavyopoteza uwezo huo mafunjo yanapokatwa na mayuni kupandwa mahali pake. Nadharia ya kitabuni inasema hivi: virutubisho vikizidi, mwani wa kuelea hushamiri, maji huingia giza, mimea inayozama hufa kwa kukosa jua, na inayoelea hurithi eneo. Chara hutangulia kuondoka. Ceratophyllum, ambao hauna mizizi na unastahimili maji yenye rutuba, huvumilia zaidi. Mwishoni hubaki wale wenye majani juu ya maji, na mgeni kama gugumaji hukuta nyumba iliyo wazi.

Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi gugumaji halikuliharibu ziwa letu. Lilifika kwenye maji ambayo tayari yalikuwa yamepoteza uoto wake wa chini. Tofauti hiyo inaamua fedha ziende wapi. Ukiamini kwamba mgeni ndiye mharibifu, utanunua mashine za kuvuna magugu. Ukiamini kwamba uharibifu ulitangulia, utajenga mifereji ya majitaka na kulinda mafunjo. Mimi naegemea upande wa pili, na sababu yangu kubwa ni kazi ya Verschuren na wenzake ya mwaka 2002, ambayo ilisoma mashapo ya Ziwa Victoria yenyewe: ongezeko la mwani lilianza miaka ya 1930, likienda sambamba na kukua kwa idadi ya watu na kilimo, na kupotea kwa oksijeni kwenye maji ya chini kulianza mapema miaka ya 1960. Hiyo ni zaidi ya robo karne kabla ya gugumaji.

Lakini mashapo hayo yalitoka kwenye maji ya kina, mbali na ufuko, ambako mimea yenye mizizi haioti. Ghubani hali inahitaji ushahidi wake yenyewe, na hapo kuna fundo gumu. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Mimea iliyokuwa imezoea mita mbili za maji ilijikuta chini ya mita nne. Tuseme tumechimba Murchison na tumekuta mbegu za mimea ya maji maangavu zikitoweka kwenye tabaka la miaka ya 1960. Je, zimeuawa na uchafu wa Kampala au na mvua za 1961? Kwa nguzo moja ya tope huwezi kujua. Unahitaji angalau mbili: moja ya Murchison, nyingine ya ghuba iliyopanda maji mita zile zile lakini haina jiji mgongoni, tuseme visiwani Ssese. Mimea ikitoweka kote kwa pamoja, tuilaumu mvua. Ikianza kupungua Murchison tangu miaka ya 1930 au 1940 na kudumu Ssese, tutajua aliyefanya hivyo.

Ili kupanga miaka hiyo, wataalamu hutumia isotopu ya risasi yenye namba 210, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi na kwa hiyo husomeka kwa karne moja na nusu ya mwisho. Gugumaji lenyewe linaweza kusaidia. Mbegu yake, yenye urefu wa takriban milimita moja na mistari iliyoinuka ubavuni, haiwezi kuwa kwenye tabaka la Ziwa Victoria lililotangulia mwishoni mwa miaka ya 1980, isipokuwa kama kuna aliyelivuruga tope. Adui yetu amegeuka kalenda.

Na wavurugaji hawakosekani. Sato dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi, kambare hupekua, kiboko hukanyaga, nyavu za kukokota hulima. Pia si kila mmea hutoa mbegu kwa kiwango kimoja: upo unaomwaga maelfu, na upo unaoenea kwa vikonyo pekee ambao unaweza kufunika ghuba nzima bila kuacha punje. Anayehesabu mbegu na kudai kwamba amehesabu mimea anajidanganya. Mbegu mia za ndago na mbili za yungiyungi hazisemi kwamba ndago walikuwa mara hamsini zaidi. Zinasema wote wawili walikuwepo. Uwiano utafutwe kwa kulinganisha na tope la leo chini ya mimea ya leo, ghuba kwa ghuba.

Kasoro inayonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni ya kwetu. Kanuni kwamba mbegu huzama karibu na mama yake imejaribiwa hasa kwenye mabwawa madogo ya Ulaya. Mwaka 2006, kwa mfano, Yihua Zhao na wenzake walilinganisha mimea ya kibwawa kimoja cha Uingereza na masalia yaliyokuwa topeni, wakakuta kwamba masalia mengi hayaendi mbali. Bwawa hilo halina visiwa vinavyoelea. Ziwa Victoria linavyo. Kile kilichoziba mitambo ya Jinja kilikuwa shamba zima la mafunjo lililosafiri na mizizi, likidondosha mbegu njiani juu ya maji ambayo hayajawahi kuota mafunjo. Kwa hiyo tabaka lenye vijitunda vingi vya mafunjo katikati ya ghuba laweza kuwa alama ya kinamasi kilichostawi hapo, au ya mwaka ambao ziwa lilifura na kuvibomoa vinamasi vya jirani. Kanuni ya Ulaya ikitumiwa bila kupimwa upya hapa, tunaweza kuandika mwaka wa maangamizi kuwa mwaka wa neema. Dawa yake ninaiona kwenye mizizi na vishina: mafunjo yaliyoota mahali huacha mboji yenye nyuzi, yaliyopita huacha punje tu.

Kama ningepewa ruhusa ya kuchimba mahali pamoja tu jijini, nisingeanzia ziwani. Ningeanzia Mengo. Ziwa la Kabaka lilichimbwa kwa amri ya Mwanga katika miaka ya 1880, kwa hiyo ni maji ambayo mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana. Chini ya tope lake kuna udongo uliofukuliwa kwa majembe, na kila mmea wa majini uliomo ulifika baada ya hapo, mmoja baada ya mwingine, huku Kampala ikikua pande zote. Halikuguswa na kupanda kwa Ziwa Victoria kulikoanza mwaka 1961. Visiwa vya mafunjo vinavyoelea huko haviwezi kulifikia. Jiji limebaki kuwa mshukiwa mkuu, bila mafuriko ya 1961 ya kusingizia, na hesabu ya mbegu zake ingetupa kipimo cha kusomea tope la Murchison.

Haraka ipo, lakini kwingine. Lwera, kwenye barabara ya Masaka, mitambo inafyonza mchanga wa kinamasi ili Kampala ipate zege, na ufuko wa Munyonyo hadi Ggaba unajazwa vifusi kwa ajili ya majengo. Sipingi watu kujenga nyumba. Nasema kibali cha kuchimba mchanga au kujaza kinamasi kingeambatana na sharti dogo: kabla mtambo haujawashwa, nguzo ya tope itolewe, ipasuliwe kwa urefu, nusu ichunguzwe na nusu ihifadhiwe kwenye jokofu kwa watakaokuja na mbinu nyingine, kwa mfano wale wanaosoma DNA ya mimea moja kwa moja kutoka kwenye mashapo. Ukilinganisha na bei ya malori yanayopita hapo kwa siku moja, gharama yake haifikii kitu.

Halafu kuna suala la watu wa kusoma. Bennike, yule wa kazi ya Wandakara na Kasenda, ni mtaalamu wa Denmark aliyejijengea jina kwa masalia ya mimea ya Greenland. Namshukuru, na simshangai: utaalamu huu hukua mahali penye mkusanyo wa mbegu za kulinganishia, na Ulaya ya kaskazini imekuwa ikikusanya kwa zaidi ya karne. Mwanafunzi wa Kampala anayekuta mbegu ngeni kwenye sahani yake hafungui kitabu cha Denmark akapata jibu, maana nusu ya mimea yetu haimo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzunguka vinamasini na ghubani kwa misimu yote, akachuma matunda ya mimea ya majini yakiwa mabichi na yakiwa yamekomaa, akayakausha, akayapiga picha chini ya hadubini kwa pande zote na kuyapa lebo. Makerere ina hebaria. Jinja ina taasisi ya utafiti wa uvuvi yenye mitumbwi. Wavuvi wa Ggaba wanajua yungiyungi huzaa lini na wapi. Mkusanyo huo uanze na spishi thelathini, picha zake ziwekwe wazi ili Kisumu na Mwanza waongeze za kwao, na mtunzaji wake aajiriwe kwa mkataba unaovuka umri wa mradi mmoja wa wafadhili.